Kubadilisha Mpangilio wa Pedali za Gitaa Katikati ya Shoo

Mpiga gitaa wa Nairobi mara nyingi hachagui muziki wa kupiga, anaitwa. Ijumaa usiku yuko Westlands na bendi inayoanza na rhumba na kumalizia na roki. Jumamosi yuko kwenye harusi ambako wazee wanataka benga. Jumapili asubuhi yuko kanisani, na pedali alizobeba (visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa) ni zile zile. Wengi hujibu hali hii kwa kununua pedali nyingine, ilhali zilizopo zingetosha kama zingekaa mahali tofauti kwa wimbo mmoja au miwili.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kubadilisha mpangilio akiwa jukwaani, bila kupiga magoti na kung'oa waya huku MC akitafuta la kusema. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: huna haja ya kupangua mnyororo mzima wa pedali. Tafuta jozi moja ya pedali ambayo ikigeuzwa muziki wako unabadilika kweli, kisha tengeneza njia ya kuigeuza kwa kukanyaga mara moja.

Hatua ya 1: Weka mpangilio wa kawaida kwanza

Mpangilio uliozoeleka ni huu: gitaa, tyuna (ya kupimia nyuzi), wa-wa (ya kufagia sauti kwa mguu), kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo), draivu (za kukwaruza sauti: ovadraivu, distoshoni au fazi), kisha za kuyumbisha sauti kama korasi na feiza, halafu dilei (ya marudio), riverbu (ya mwangwi wa ukumbi), na mwisho ampli (kikuza sauti cha gitaa). Si sheria, lakini una sababu. Draivu hukata vilele vya wimbi la sauti, na hapo ndipo ukwaruzo unapozaliwa. Chochote kinachoingia kabla yake kinasagwa pamoja na noti. Chochote kinachokuja baada yake kinabaki kilivyo.

Ampli nayo ni draivu ikiwa umeipandisha hadi inakwaruza. Hapo pedali zako zote ziko kabla ya draivu, upende usipende, isipokuwa zile ulizochomeka kwenye njia ya efekti iliyo nyuma ya ampli. Kwa kuwa kumbi zetu kila moja ina ampli yake, na nyingine haina njia hiyo kabisa, mimi hushauri ampli iachwe safi na ukwaruzo wote utoke kwenye pedali. Ukifanya hivyo mpangilio unabaki mikononi mwako, popote utakapoitwa.

Hatua ya 2: Jua jozi zipi zina maana na zipi ni kupoteza muda

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Si kila jozi inasikika tofauti ikigeuzwa. Chukua dilei safi ya kidijitali na riverbu ya kawaida, zote za mono, zisizo na mtikisiko wowote ndani. Zigeuze. Sauti inayotoka ni ile ile, maana kila moja inaongeza marudio tu, na marudio ya mwangwi ni sawa na mwangwi wa marudio. Ikwalaiza (ya kupandisha au kushusha sauti nene na nyembamba) na dilei ni vivyo hivyo. Kipimo ni rahisi: kama hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayokwaruza, kubana sauti au kuyumba, usijisumbue.

Zenye maana ni hizi.

Busta na draivu. Busta (pedali ya kuongeza nguvu ya sauti) ikiwa kabla ya draivu, sauti haipandi sana. Inazidi kukwaruza na noti inadumu zaidi. Ikiwa baada ya draivu, ukwaruzo unabaki ule ule lakini unapanda juu ya bendi. Ya kwanza ni ya kunenepesha rifu (kifungu cha gitaa kinachorudiwa), ya pili ni ya solo. Kama ningeruhusiwa jozi moja tu ningechukua hii, kwa sababu karibu kila bendi ya hapa mjini ina kinanda, magitaa mawili na waimbaji wanaoziba kila pengo, na gitaa la solo halihitaji uchafu zaidi, linahitaji nafasi.

Draivu na dilei. Draivu ikitangulia, kila rudio ni nakala ya noti iliyokwaruzwa, na yanafifia kwa utaratibu. Dilei ikitangulia, mambo yanageuka. Draivu hubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, hivyo rudio la tatu ambalo lingepaswa kuwa limefifia linarudi kwa nguvu karibu sawa na noti yenyewe, na noti mbili zikipishana zinasagwa pamoja. Kwa benga au sebene, ambako solo ni noti safi zinazofuatana mbio, huo ni uji mtupu. Kwa wimbo wa ibada wa polepole, mahali unaposhika kodi moja (noti kadhaa kwa pamoja) kwa baa nne nzima, ndiyo hasa sauti nzito inayojaza ukumbi.

Feiza na draivu. Baada ya draivu, mfagio wake unasikika mpana na wazi kwa sababu una mengi ya kufagia. Kabla ya draivu, unazama ndani ya noti na kuwa laini. Eddie Van Halen alipitisha gitaa lake kwenye MXR Phase 90 kabla ya ampli iliyokuwa tayari inanguruma, na katika rekodi zake utasikia feiza inavyosukuma solo bila kuifunika.

Wa-wa na fazi. Wa-wa ikitangulia, inachagua sehemu gani ya noti isagwe. Ikifuata, inafagia ukuta mzima wa fazi na kusikika karibu kama sintesaiza. Hapa kuna mtego: fazi za zamani za aina ya Fuzz Face, hasa zenye transista za jerimani (germanium), zinataka kuona gitaa moja kwa moja. Ukiweka pedali yenye bafa (saketi ya kuimarisha ishara ya gitaa) kabla yake, inakuwa kali na nyembamba, na ile hila ya kupunguza volyumu ya gitaa ili isafike haifanyi kazi tena vizuri. Pedali nyingi za Boss zina bafa hata zikiwa zimezimwa.

Kompresa na draivu. Kabla, inasawazisha mkono wako. Baada, inainua mvumo na kelele za draivu kila unaponyamaza. Iache kabla.

Hatua ya 3: Isikilize jozi yako kabla ya kutumia hata shilingi

Kama una lupa (pedali inayorekodi kifungu na kukirudia), iweke mwanzo kabisa wa mnyororo, kabla ya pedali zote. Rekodi baa nne za kitu unachopiga kweli kwenye shoo, si zoezi la skeli. Sasa lupa inapiga, mikono yako iko huru, na unaweza kuhamisha waya huku ukisikiliza kifungu kile kile bila mkono wako kukudanganya. Rekodi kila mpangilio kwa simu. Sikiliza kesho yake, kwa spika ndogo, na umwombe mpiga besi wenu asikilize bila kumwambia ipi ni ipi. Asipoona tofauti, jozi hiyo haistahili swichi.

Fanya hivyo kwa sauti ya mazoezi ya bendi, si ya chumbani. Riverbu inayopendeza ukiwa peke yako huwa haisikiki kabisa ngoma zikiingia.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kugeuza

Njia ya kwanza ni kutogeuza chochote. Nunua draivu ya pili ya bei nafuu, weka moja kabla ya dilei na nyingine baada ya dilei. Ukitaka mpangilio wa kawaida unawasha ya kwanza. Ukitaka uji unawasha ya pili. Haina waya wa ziada wa maana, haina cha kuharibika, na kila moja unaipa kiwango chake cha sauti. Mwenye busta mbili anafanya vivyo hivyo. Wanamuziki wanaidharau njia hii kwa sababu haina ufundi wa kuonyesha, lakini kwa shoo ya kawaida ndiyo naipendekeza kwanza.

Njia ya pili ni kisanduku cha kugeuza jozi, ambacho unaweza kujitengenezea. Nitakieleza kwa kirefu hapa chini.

Njia ya tatu ni swichi zenye programu. Boss ES-5 ina njia 5 za pedali na ES-8 ina 8, na zote zinakuruhusu kuhifadhi mpangilio tofauti katika kila kumbukumbu, ukabadilisha zote kwa kukanyaga mara moja. Morningstar ML10X inafanya kazi hiyo pia, ila haina swichi za kukanyaga. Inaamrishwa kwa MIDI (lugha ya amri kati ya vifaa vya muziki) kutoka kifaa kingine. Ni nzuri, ni ghali, na zinakudai uketi chini ukaandike kila wimbo kabla ya shoo.

Njia ya nne ni kifaa kimoja chenye efekti zote, kama HX Stomp ya Line 6 na wenzake. Humo kuhamisha efekti ni kuburuta tu kwenye skrini, lakini jukwaani kuna tofauti ya kujua. Ukibadilisha priseti (mpangilio mzima uliohifadhiwa), sauti hukatika kwa muda mfupi, na mwangwi wa dilei mara nyingi unakatika nao. Snapshoti (hali zilizohifadhiwa ndani ya priseti moja) hazikati sauti, lakini haziwezi kubadilisha mpangilio. Zinawasha, zinazima na kusogeza vifundo tu. Dawa ni ile ile ya njia ya kwanza: ndani ya priseti moja weka draivu mbili, moja kila upande wa dilei, na snapshoti ichague ipi iwake.

Hatua ya 5: Tengeneza kisanduku cha kugeuza jozi

Hiki hakitumii umeme wala betri. Unahitaji swichi ya kukanyaga ya pini 9, ile ile inayopatikana ndani ya pedali nyingi, jeki 6 za mono za robo inchi, kisanduku cha chuma, waya mwembamba, na rezista chache za megaohmu 1. Sehemu za elektroniki zitafute maduka ya Luthuli Avenue. Ukiikosa swichi yenyewe, ing'oe kwenye pedali iliyokufa. Kisanduku kiwe cha chuma kweli, si plastiki, kwa sababu chuma kilichoungwa na ardhi kinazuia mvumo wa stima.

Ziandike jeki: INGIA, TOKA, KWENDA A, KURUDI A, KWENDA B, KURUDI B. Geuza swichi chini juu, uipange ili uone safu tatu za wima, kila safu na pini tatu. Pini ya katikati ya kila safu huungana na ya juu au ya chini, na ukikanyaga safu zote tatu zinahama pamoja. Hakikisha kwa multimita kwamba safu ulizoziona ndizo kweli, maana pini zimepangwa mraba na ni rahisi kusoma mlalo badala ya wima.

Safu ya kwanza: katikati iende KWENDA A, juu INGIA, chini KURUDI B.

Safu ya pili: katikati iende KWENDA B, juu KURUDI A, chini INGIA.

Safu ya tatu: katikati iende TOKA, juu KURUDI B, chini KURUDI A.

Fuata njia kwa kidole. Swichi ikigusa pini za juu, gitaa linaingia A, linarudi, linaenda B, linarudi na kutoka. Ikigusa za chini, gitaa linaingia B kwanza, kisha A, kisha nje. INGIA, KURUDI A na KURUDI B kila moja inaonekana mara mbili, kwa hiyo ni waya mbili kwa kila moja ya jeki hizo. Unganisha pini za ardhi za jeki zote pamoja na kisanduku chenyewe.

Rezista zinazuia ule mlipuko wa "pap!" unapokanyaga, ambao husababishwa na chaji ndogo inayovuja kutoka kwenye pedali. Weka moja kutoka kila KWENDA hadi ardhini, na moja kutoka kila KURUDI hadi ardhini. Hazitakula sauti yako kwa kiasi utakachosikia.

Kabla ya kufunga, pima kwa multimita: INGIA ilie na KWENDA A, kanyaga, sasa ilie na KWENDA B. Kisha TOKA ilie na KURUDI A. Kama inalia kwa zote mbili kwa wakati mmoja, kuna tone la risasi ya kulehemu limeunganisha pini mbili jirani.

Swichi ya pini 9 haina nafasi ya taa. Ukitaka taa ya kukuonyesha uko upande gani, tafuta ya pini 12 na utumie safu ya nne kwa LED, ambayo sasa itadai umeme wa volti 9 na rezista yake. Mimi naona taa ina faida. Kwenye jukwaa lenye giza, swichi isiyo na taa itakufanya ubahatishe, na utajua jibu baada ya kupiga noti.

Hatua ya 6: Panga kinachoingia ndani ya A na B

A na B si lazima ziwe pedali moja moja. A inaweza kubeba draivu zote mbili na busta, B ikabeba korasi na dilei. Hapo kukanyaga mara moja kunageuza kundi zima, na mpangilio wa ndani ya kila kundi hauvurugiki. Tyuna, wa-wa na kompresa zibaki kabla ya kisanduku. Riverbu baada yake.

Ukipiga bila ampli, kama ilivyo kanisa nyingi ambako gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa kupitia kisanduku cha DI, kumbuka kifaa cha kuiga kabineti ya spika. Bila hicho draivu inalia kama nyuki ndani ya chupa. Lazima kikae nje ya kisanduku cha kugeuza, baada ya kila kitu, la sivyo siku utakapogeuza draivu itakuja baada yake na nyuki watarudi.

Waya fupi zinaongezeka: nne za kwenda na kurudi, na mbili za kuingia na kutoka. Urefu wote huo unakula sauti za juu gitaa likiwa halina bafa. Pedali moja yenye bafa mapema kwenye mnyororo inatosha, isipokuwa una ile fazi niliyoitaja. Basi fazi ikae kabla ya bafa na kabla ya kisanduku, na usiigeuze.

Hatua ya 7: Sawazisha sauti

Kila unapogeuza draivu na dilei, kiwango cha sauti kinahama. Fanya kazi hii bendi ikiwa inapiga. Weka volyumu ya draivu mahali ambapo mpangilio A kisha B unakaa vizuri. Ukiiweka kwa kufuata mpangilio wa B kisha A, utajuta ukirudi kwenye A kisha B. Kawaida inabidi upunguze pia kiwango cha marudio ya dilei, kwa sababu ikitangulia draivu yatavimba.

Zungumza na fundi wa sauti mapema. Sentensi moja inatosha: "Boss, wimbo wa nne gitaa litanenepa, usilishushe." Usipomwambia atashusha, na ana haki.

Hatua ya 8: Chagua sekunde ya kukanyaga

Kisanduku hakizimi dilei. Marudio ya kifungu kilichopita yanaendelea kutoka, lakini sasa yanapita njia nyingine. Ukihama kutoka draivu-kwanza kwenda dilei-kwanza huku mkia wa noti bado unalia, mkia huo unaingia kwenye draivu ghafla na kupasuka. Ukirudi upande wa pili, unakatika ukali wake papo hapo. Kwa hiyo kanyaga kwenye kimya, au kwenye pigo la kwanza la baa wakati ngoma na besi zinaingia kwa nguvu na kufunika kila kitu. Kati ya nyimbo ndiyo salama zaidi, na nyimbo nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Iandike kwenye orodha ya nyimbo, karibu na jina: "GEUZA", na mwisho wa wimbo "RUDISHA". Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Fanya mazoezi ukiwa umevaa viatu utakavyovaa, na swichi ya kugeuza iwe pembeni ambapo kisigino hakiigusi ukitafuta dilei.

Hatua ya 9: Stima

Umeme wetu ni volti 240. Adapta iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa imeandikwa volti 120 tu, itaungua. Tafuta iliyoandikwa 100–240. Pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati, lakini soma kila moja. Dilei ya kidijitali na draivu zikila kwenye waya mmoja wa kugawa, mlio mwembamba wa dilei unaweza kuingia kwenye draivu, na ukigeuza ili draivu ije mwisho mlio huo unakuzwa. Usambazaji wenye njia zilizotenganishwa unaondoa tatizo.

Stima ikipotea na jenereta kuwaka, kisanduku cha mitambo kitakuwa kilekile ulichokiacha, kwa sababu ni chuma kimegusa chuma. Swichi zenye programu na vifaa vya efekti nyingi vinahitaji kuwaka upya, na si lazima virudi pale ulipokuwa. Jaribu hili nyumbani: chomoa, chomeka, uone kinaamkia wapi, na uhesabu muda. Ile priseti kinachoamkia iwe sauti safi inayofaa wimbo wowote.

Na uwe na waya mmoja mrefu wa kutoka gitaa hadi ampli moja kwa moja. Kitu kikinyamaza katikati ya wimbo, usianze kutafuta ni jeki ipi. Chomoa mwisho na mwanzo wa mnyororo, chomeka huo, malizia wimbo, tafuta kosa mapumzikoni. Waya huo ukae juu ya ampli, si kwenye begi lililo nyuma ya jukwaa.